Njia ya Chini ya Maji

Juma hili na tuufikirie mkondo wa Likoni. Mtu asimamaye pale asubuhi akingoja feri hakosi kujiuliza: Mbona Nyali kuna daraja la magari na hapa hapana?

Daraja la kwanza la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931. Lilielea, likipanda na kushuka kwa maji kujaa na kupwa, na wavukao walitozwa ushuru. Mwaka 1980 likaja la saruji. Lakini Likoni ndio mlango wa bandari ya Kilindini. Daraja la kuelea lisilofunguka lingezifungia meli mlango huo, na la juu lazima lipite juu ya milingoti yao. Basi tangu mwaka 1937 watu na magari huvushwa kwa feri.

Je, haiwezekani kuchimba handaki chini ya maji? Yawezekana. Huko New York walichimba chini ya mto Hudson, wakafungua njia ya motokaa mwaka 1927. Garimoshi zilikuwa zimekwisha kupita chini ya mto huo, kwa hiyo kuchimba hakukuwa jambo geni. Jambo geni lilikuwa moshi wa motokaa, wenye sumu isiyoonekana wala kunuka. Kwanza wataalamu waliupima moshi huo mgodini, wakajua kiasi ambacho mtu aweza kukivuta bila kudhurika. Ndipo wakaweka mitambo 84 ya kusukuma na kuvuta hewa, ikiibadili yote kwa sekunde 90. Mhandisi mkuu, Clifford Holland, alifariki mwaka 1924 kazi haijaisha, na handaki likapewa jina lake.

Watu wale waliihesabu hatari kabla haijaua. Sisi tuliihesabu baadaye. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, iliyopakia watu kupita kiasi, ilipinduka karibu na ufuko. Walikufa watu 272, wengi wao wakielekea kazini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Iwe daraja, handaki au feri, tuulize kwanza: Chachukua watu wangapi, na ni nani mwenye amri ya kusema kimejaa? Nasi wavukaji, tukiambiwa kimejaa, tusisukumane langoni. Tungoje kinachofuata. Kuchelewa kazini kwaweza kusamehewa.