Sauti za Mto Tana na Mzigo wa Mafaili

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii inawahusu mno wanafunzi wa fasihi simulizi wanaofunga safari hadi Garsen, Ngao na vijiji vya delta ya Mto Tana kurekodi masimulizi ya Wapokomo na Waorma. Mtafiti hurejea chuoni na sauti tele, tasnifu hutetewa, kisha sauti hizo hupotea pamoja na tarakilishi iliyozihifadhi. Kwa hivyo, uamuzi wa kutumia mfumo wa kudhibiti matoleo, kama vile Git uliobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ni wa kupongezwa. Kosa ni kuurundikia mfumo huo kila kitu, sauti na video zikiwamo.

Waama, mfumo huu unaafikiana na taaluma ya fasihi. Kisa cha Liyongo, shujaa anayehusishwa na Ozi na Kipini karibu na mlango wa Tana, kilichapishwa na Edward Steere kwa nathari mwaka 1870, kisha Muhammad Kijumwa akakitungia utenzi mwaka 1913. Mwanafasihi hulinganisha matoleo na kuuliza ni nani aliyebadili nini, na lini. Vivyo hivyo, unukuzi wa Kipokomo, lugha iliyo ndugu ya Kiswahili katika kundi la Sabaki, husahihishwa mara nyingi. Git huweka kumbukumbu ya kila sahihisho, jina la aliyelifanya na tarehe yake.

Sauti, hata hivyo, si matini. Saa moja ya sauti isiyobanwa, iliyorekodiwa kwa hezi 48,000, biti 24 na mikondo miwili, huchukua takriban gigabaiti 1. Matini yakisahihishwa, mfumo huongezeka kidogo tu. Sauti ikihaririwa, aghalabu huongezeka karibu nakala nzima. Mahariri matatu yanaweza kuifanya saa hiyo moja iwe na uzito wa gigabaiti 4. Isitoshe, anayenakili hazina kwa njia ya kawaida hupokea historia yake yote, pamoja na yale yaliyokwisha kufutwa.

Hapa ndipo suala hili linapoacha kuwa la kiufundi. Mwalimu wa Garsen anayetaka kuwasomea wanafunzi wake ngano ya babu zao, huku akinunua intaneti kwa vipimo vidogo, hawezi kupakua gigabaiti kadhaa ili asome kurasa tatu. Jamii iliyotoa ngano hubaki nje ya hazina yake yenyewe.

Lipo na suala la ridhaa. Msimulizi akiomba wimbo wa jando au kisa cha ugomvi wa ukoo kiondolewe, kulifuta faili hakutoshi, kwani historia bado inalihifadhi. Historia yenyewe hulazimika kuandikwa upya, na nakala zilizokwisha kusambaa hazirudi.

Suluhisho lipo. Unukuzi, tafsiri na maelezo ya mahali, tarehe na ridhaa yakae ndani ya hazina. Sauti na video zikae katika ghala tofauti, na ndani ya hazina kibaki kielekezi. Git LFS, iliyotolewa mwaka 2015, hufanya hivyo: kielekezi chake ni matini mafupi yanayotaja ukubwa wa faili na alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Faili likibadilika hata kidogo, alama hailingani tena.

Wapo watakaopinga kwamba kutenganisha sauti na unukuzi ni kuitenga roho na mwili. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu ghala likifungwa, kielekezi huelekeza patupu. Jawabu ni kuweka nakala zaidi ya moja za ghala: moja chuoni, nyingine katika diski iliyo mikononi mwa wanajamii wenyewe.

Idara za Kiswahili ziyafundishe haya kabla mwanafunzi hajakwea basi la kwenda Garsen. Mzee aliyeketi chini ya mwembe akasimulia hadi jua likatua hakuitoa sauti yake ili ijaze ghala tu. Aliitoa ili isikike, na wa kwanza kuisikia wawe wajukuu wake.