Vitamini C na mafua: Kijana, unachunwa mchana kweupe!

KIJANA wa Manzese, wa Mbagala, wa Mwanjelwa na wa Mabatini, hili linakuhusu. Kila mafua yakipita mtaani, mbio unakwenda duka la dawa. Hupimwi, huulizwi, unaambiwa tu: "Chukua vitamini C, mafua hayakupati tena." Unatoa hela ya chakula cha mchana, unaondoka na vidonge vya rangi ya chungwa. Nasema wazi: hapo umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hadithi hii haikuanzia Kariakoo. Mwaka 1970 mwanakemia wa Marekani, Linus Pauling, aliandika kitabu akidai kwamba anayemeza vitamini C kwa wingi kila siku, gramu moja au zaidi, anajikinga na mafua. Huyu hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa na Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 1954 na ya Amani ya 1962. Nani angembishia? Watu wakakimbilia madukani, wenye viwanda wakachekelea mpaka jino la mwisho.

Lakini wapo ambao hawakumeza maneno ya mkubwa. Walipima. Mwaka 2013 watafiti wa mtandao wa kimataifa wa Cochrane walijumlisha majaribio 29 yenye watu zaidi ya 11,000. Matokeo? Watu wa kawaida waliomeza vitamini C kila siku waliugua mafua sawa na wasiomeza. Faida yao ilikuwa kwamba mafua yaliisha mapema kidogo, asilimia 8 kwa watu wazima. Piga hesabu mwenyewe: katika mafua ya siku saba, unaokoa kama nusu siku. Kwa nusu siku hiyo umeze kidonge mwaka mzima! Na aliyengoja mpaka apige chafya ndipo ameze, hakuonekana kupata nafuu ya kuaminika.

Haki lazima isemwe. Wapo walionufaika: wakimbiaji wa marathoni, wachezaji wa michezo ya theluji na askari waliokuwa mazoezini kwenye baridi kali. Kwao hatari ya kupata mafua ilipungua kwa nusu. Sasa niambie, ndugu yangu unayegombea mlango wa daladala pale Rangi Tatu, theluji umeiona wapi?

Isitoshe, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji miligramu 45 tu za vitamini C kwa siku. Wewe unauziwa kidonge cha miligramu 1,000. Mwili hauna ghala la kuweka yote hayo, kwa hiyo sehemu kubwa unaikojoa. Yaani unanunua mkojo wa bei mbaya, wakati pera moja au chungwa la Muheza linakutosha kwa siku nzima!

Hata hivyo sikulaumu peke yako. Tabia ya kuamini dawa kwa sababu mkubwa kasema imelelewa na watawala wenyewe. Corona ilipoingia mwaka 2020, Rais Magufuli alihimiza kujifukiza, na ndege ikatumwa Madagascar kufuata dawa ya mitishamba. Februari 2021 waziri wa afya, Dk. Dorothy Gwajima, alisimama mbele ya waandishi wa habari kuonyesha namna ya kusaga tangawizi, vitunguu, ndimu na pilipili. Majaribio yaliyothibitisha kwamba vinywaji hivyo vinazuia corona hatukuonyeshwa. Cheo ndicho kilikuwa kipimo!

Halafu kuna suala la mfuko. Tangu Serikali ya CCM ilipoanzisha uchangiaji hospitalini mwaka 1993, mlalahoi anapiga hesabu kwanza: nauli, kadi, kipimo, kisha aambiwe dawa hakuna, akanunue nje. Anaona heri aende moja kwa moja dukani. Hapo ndipo penye hatari, maana muuzaji anakuuzia alichonacho, si unachoumwa.

Si kila kikohozi ni mafua, ndugu msomaji. Mafua ya kawaida huletwa na virusi vya aina zaidi ya 200, na huondoka yenyewe, mara nyingi ndani ya siku 7 hadi 10. Lakini kikohozi kikifika wiki mbili, ukatoka jasho usiku na suruali ikaanza kukupwaya, hicho chaweza kuwa kifua kikuu. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Kijana anayemung'unya vitamini miezi miwili, huku analala chumba kimoja na wenzake wanne, anajimaliza na kuwamaliza. Na kupima na kutibiwa kifua kikuu katika vituo vya Serikali ni bure!

Kwa hiyo ukipata mafua pumzika, kunywa maji, kula tunda, nawa mikono kwa sabuni, na ndani ya daladala fungua dirisha. Wiki mbili zikipita unakohoa, nenda kapimwe. Hela ya vidonge kale chakula.

Na mgombea akija mtaani kwako na fulana na kofia, usishangilie kwanza. Mwulize dawa za zahanati ziko wapi. Fulana haitibu kifua!