Msanifu majengo akijua kuandika programu, mkulima anafaidika nini?

Mkulima anayetaka kujenga ghala la mahindi hujiuliza mambo mawili: litagharimu kiasi gani, na akiliongeza kidogo gharama itapanda kwa kiasi gani? Ni kwa sababu ya swali hilo la pili kwamba mjadala wa kuwafundisha wanafunzi wa usanifu majengo kuandika programu za kompyuta unamhusu hata yeye.

Chukua ghala la mita 6 kwa 4, lenye kuta za kimo cha mita 3. Kabla ya kutoa nafasi ya mlango, kuta zote ni mita za mraba 60. Kwa makadirio ya matofali 10 kwa kila mita ya mraba, yanahitajika 600. Urefu ukiwa mita 8, yanafika 720. Anayechora kwa mkono hurudia mchoro na hesabu. Mwenye programu hubadili namba moja, na vingine vyote hufuata.

Elimu hiyo si ngeni. Mwaka 1986 programu ya kuchorea ya AutoCAD iliongezewa lugha ya AutoLISP, ili mchoraji aweze kuipa maagizo yake mwenyewe. Mwaka 1987 William Mitchell, Robin Liggett na Thomas Kvan walichapisha kitabu cha kuwafundisha wasanifu lugha ya Pascal. Kuanzia 2007 ikaja Grasshopper, ambayo mtumiaji huunganisha visanduku kwenye kioo cha kompyuta badala ya kuandika maagizo mengi.

Wanaopinga wana hoja: masomo ya usanifu tayari ni mengi, na lugha hupitwa na wakati. Pascal leo haina nafasi iliyokuwa nayo. Hata hivyo, aliyejifunza kugawa kazi katika hatua hakupoteza kitu. Huhamia Python, ambayo ni ya bure.

Hatari kubwa iko kwingine. Kompyuta haijui udongo wa kiwanja, na kosa moja katika kanuni huingia katika kila mchoro. Hivyo kupima kwa kamba na kuhesabu kwa kalamu lazima vitangulie.

Mteja mdogo asiyemudu kulipia michoro mitatu ndiye atakayenufaika zaidi. Basi mazoezi ya kwanza darasani yawe ghala, banda la kuku na fremu ya duka. Maghorofa ya vioo yatasubiri.