Hesabu ya Same: Kijana wa miaka 16 na ngazi ya kwenda Ligi Kuu

ACHANA na kelele za Kariakoo kila dirisha la usajili linapofunguliwa. Twende barabara kuu ya kaskazini, kipande cha kutoka Mkomazi kupita Hedaru na Makanya hadi Same mjini, Milima ya Upare ikiwa mkono wa kulia.

Polisi Tanzania ilipokuwa Ligi Kuu ikitumia Uwanja wa Ushirika, Moshi, timu zilizotoka Dar es Salaam kwa basi kwenda kucheza nayo zilipita hapo. Zilipita tu. Polisi ikashuka daraja mwaka 2023 pamoja na Ruvu Shooting, na Kilimanjaro nzima ikabaki bila timu ya Ligi Kuu, mabasi nayo yakakata.

Same ina mashabiki wa kutosha. Simba na Yanga zikikutana, vibanda umiza vya Same mjini, Ndungu na Gonja havipitiki. Mpira upo shuleni, upo kwenye ndondo, upo mpaka kwenye viwanja vya mlimani ambako mpira ukitoka nje unaufuata bondeni. Kinachokosekana ni timu ya kulipwa ambayo mtu wa Same anaweza kuiita yake.

Na kila mazungumzo ya kuwa na timu hiyo yakianza vijiweni, yanaanzia pabaya: nani ataweka hela, halafu tumsajili nani. Majina yanayotajwa ni ya wachezaji waliowahi kupita Ligi Kuu, wana miaka 29 au 30, wanajulikana, mashabiki watajaa. Hapo ndipo hesabu inapokataa.

NGAZI ZENYEWE NI MIAKA

Timu inayoanzia chini ni lazima ipite ligi ya wilaya, kisha ligi ya mkoa. Ikiwa bingwa wa mkoa inakwenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, maarufu kama RCL. Ikifuzu huko inacheza First League, baadaye Championship, ndipo Ligi Kuu.

Chukulia imetwaa ubingwa wa mkoa na kupita RCL msimu huohuo, halafu haikukwama popote. Msimu wa pili yupo First League, wa tatu Championship, wa nne ndiyo anakutana na Simba na Yanga. Hiyo ni njia fupi kabisa, na timu zinazoipita bila kusimama hata msimu mmoja ni chache.

Sasa yule straika wa miaka 29 aliyesajiliwa kwa mbwembwe ligi ya mkoa atakuwa na miaka 32 siku ya mechi ya kwanza ya Ligi Kuu. Kijana wa miaka 16 aliyetoka UMISSETA atakuwa na 19. Yaani timu ya wakongwe inapanda ngazi huku ikizeeka, na ikifika juu inalazimika kununua kikosi kingine kizima kwa bei ya Ligi Kuu. Timu ya vijana inafika juu ndiyo kwanza inaanza kuiva.

Kwa hiyo subira hapa siyo anasa. Muda utatumika tu, utake usitake. Suala ni nani atakuwa anakua ndani ya muda huo.

Mfano upo na watu wameusahau. Mei 2017 Serengeti Boys ya kocha Bakari Shime ilicheza fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kule Gabon. Ilitoka suluhu na Mali, ikaifunga Angola 2-1, ikafungwa 1-0 na Niger na kurudi nyumbani. Katika kikosi kile alikuwamo beki mdogo wa umbo, Dickson Job, akiwa na miaka 16. Hakwenda Kariakoo moja kwa moja. Alikaa Mtibwa Sugar, akacheza kwenye viwanja vigumu, akakosea, akacheza tena. Yanga ilimchukua dirisha dogo la msimu wa 2020/21. Mwaka 2023 alikuwa kwenye timu iliyocheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Kutoka Gabon hadi fainali ile ni miaka sita, na miaka mitatu ya kati, ile isiyoonekana kwenye runinga sana, aliilipia Mtibwa.

MTIBWA SIYO MJI MKUBWA

Turiani siyo Dar es Salaam. Ni mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari. Lakini Mtibwa Sugar ilitwaa ubingwa wa nchi mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, na miaka ya karibuni vijana wake wamebeba mara kadhaa ubingwa wa ligi ya chini ya miaka 20. Mwaka 2018 ilichukua Kombe la Shirikisho la TFF kwa kuifunga Singida United 3-2 pale Sheikh Amri Abeid, Arusha.

Iangalie fainali ile vizuri, maana timu zote mbili zilitoka nje ya miji mikubwa. Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017 kwa kishindo, ikamleta Hans van der Pluijm, ikashusha wageni, gazeti gani halikuiandika? Mwaka 2020 ikashuka daraja ikiwa mkiani.

Mtibwa nayo ilishuka, mwaka 2024. Lazima lisemwe, kwa sababu wapo wanaouza habari ya kulea vijana kama dawa ya kila kitu. Siyo. Ukiuza wazuri wako kila mwaka bila kuwapata wengine kwa kasi hiyohiyo, utashuka tu. Tofauti ni kilichotokea baadaye: msimu mmoja tu wa Championship na Mtibwa ikarudi Ligi Kuu ikiwa bingwa, 2025. Uwanja wa Manungu ulikuwepo, timu ya vijana ilikuwepo, mwenye timu alikuwa yuleyule.

Namungo ndiyo inayofanana zaidi na ndoto ya Same, kwa sababu Ruangwa ni wilaya, siyo makao makuu ya mkoa. Ilipanda 2019, msimu wa kwanza tu ikamaliza ya nne, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF na kufungwa 2-1 na Simba pale Sumbawanga. Msimu uliofuata ikaingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikapoteza mechi zote sita. Wengi waliitabiria mwisho. Haijashuka.

Kuna watakaosema Ruangwa ilikuwa na Kassim Majaliwa, mbunge wake na Waziri Mkuu wa wakati huo, na uwanja wenye jina lake. Ni kweli, na Same isijidanganye kwamba itapata mlezi wa aina hiyo kesho. Ila mlezi peke yake haelezi kwa nini timu inabaki Ligi Kuu msimu baada ya msimu. Zipo zilizokuwa na walezi wazito na leo hazipo.

MAREKANI WANA KINGA, SISI HATUNA

Mashabiki wanaofuatilia NBA wanajua neno la kujenga upya. Kule timu ikifanya vibaya inapewa nafasi ya mbele kuchagua vijana wapya, na haishuki daraja. Kwenye hoki ya barafu ni vilevile. Toronto Maple Leafs ilimaliza mkiani mwaka 2016, ikamchagua Auston Matthews akiwa wa kwanza, msimu uliofuata ikaingia mtoano. (Kombe lenyewe hawajaligusa tangu 1967, lakini hiyo ni stori nyingine.)

Hata kwa kinga hiyo, kusubiri bila jicho ni hasara. Inauma kuisema kwa kuwa ni ndugu yetu, lakini mwaka 2009 Memphis Grizzlies ilimchagua Hasheem Thabeet akiwa wa pili. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba, Stephen Curry.

Huku kwetu mkiani ni kushuka, na kushuka ni wadhamini kuondoka. Ndiyo maana kocha wa timu ya chini anaogopa kumpanga mtoto wa miaka 18. Akifungwa mechi tatu anatupiwa virago, kijana anabaki benchi, na anayekuja analeta wachezaji wake.

Kwa hiyo kikosi cha watoto watupu nacho ni kujitafutia aibu. RCL ina vituo vya mbali, mechi za karibu karibu, marefa wa aina zote na fitna za nje ya uwanja. Timu ya Same ingehitaji uti wa mgongo wa watu wazima: kipa, beki wa kati, kiungo wa chini, labda na mshambuliaji mmoja anayejua kukaa na mpira dakika ya 85. Wanne au watano, siyo 15. Waliobaki wawe vijana wanaopewa misimu miwili ya kucheza pamoja. Mkongwe analipwa kwa kucheza na kwa kufundisha, na mkataba wake uandikwe hivyo.

TATIZO LA MLIMA NA TAMBARARE

Same siyo mji mmoja. Kuna tambarare ya Hedaru na Makanya upande wa barabara kuu, kuna milimani Chome, Suji, Mbaga na Mamba Miamba kwenye tangawizi, halafu ukishuka upande wa pili unakuta Gonja, Ndungu na Kihurio kwenye mpunga. Kijana wa Kihurio hawezi kwenda mazoezini Same mjini mara nne kwa wiki. Nauli inamaliza.

Ndiyo maana ndoto ya kujenga akademi moja kubwa mjini haina mashiko kwa sasa. Kinachowezekana ni vituo vidogo vitatu au vinne kwenye viwanja vya shule, walimu wa michezo walewale wa UMITASHUMTA na UMISSETA wakilipwa posho, na wote wakisajiliwa chini ya klabu moja. Likizo ndiyo wanakutana.

Hili Wapare hawahitaji kufundishwa na mtu. Ndiva zao zinafanya kazi hivyohivyo: maji ya mlimani yanakusanywa usiku kucha kwenye bwawa dogo, asubuhi yanafunguliwa kwenye mifereji na kila shamba lina zamu yake. Ukifungua kabla halijajaa, shamba la mwisho halipati kitu. Na kazi ya kuzibua mfereji ni ya msaragambo, kila kaya inatoa mtu. Sekondari nyingi za Upare zilianza kwa nguvu hizohizo za wananchi. Utani wa jadi unasema Mpare haachii shilingi hovyo. Kwenye usajili hiyo siyo kasoro hata kidogo.

KARATASI KABLA YA JEZI

Leo kijana mzuri wa Same anafanya nini? Anaondoka. Anakwenda Moshi, Arusha au Dar, anaanzia timu ya mtaani, akibahatika anaonekana. Wilaya iliyomlea haimo kwenye karatasi yoyote.

Karatasi hiyo ni pesa. FIFA inataka asilimia 5 ya ada ya mchezaji anayeuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine igawanywe kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kuanzia 16 ni asilimia 0.5. Klabu iliyokaa na kijana tangu akiwa na miaka 12 hadi 18 inavuna asilimia 2.5. Akiuzwa dola milioni 1, hiyo ni dola 25,000. Tangu Novemba 2022 fedha hizo zinapitia chombo cha malipo cha FIFA kilichopo Paris, na kinachoangaliwa ni pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji. Timu ya shule siyo klabu. Kocha wa mtaa asiyesajili vijana wake TFF hayumo, hata kama kijiji kizima kinajua ndiye aliyemfundisha.

Wapo watakaocheka kwamba ni lini Same itamuuza mtu nje kwa dola milioni 1. Pengine kesho kutwa, pengine kamwe. Lakini usajili wa kijana wa miaka 12 unafanywa leo au haufanywi, haurudi nyuma.

Liko na jambo la umiliki, na hili ndilo zito kuliko yote. Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali, ya wakulima wa mpunga. Novemba 2022 iliifunga Yanga 2-1 na kukata rekodi yake ya mechi 49 bila kupoteza. Mwaka 2024 ikahamia Singida na kuwa Singida Black Stars. Mbarali wamebaki na kumbukumbu za mechi ile.

Na huhitaji kwenda mbali hivyo. Kitayosce ilikuwa timu ya Kilimanjaro, mkoa huuhuu wa Same. Ilipanda ngazi kutoka madaraja ya chini, ikahamia Tabora njiani, ikaingia Ligi Kuu mwaka 2023. Agosti ile ilikwenda Chamazi kucheza na Azam ikiwa na wachezaji wanane tu kwa sababu ya mambo ya usajili, Feisal Salum akapiga hat-trick, mechi ikavunjika Azam ikiwa mbele 4-0. Ikaitwa Tabora United, na 2025 jina likabadilika tena ikawa TRA United. Kilimanjaro ambako ilizaliwa, imebaki jina la zamani kwenye misimamo ya ligi za chini.