Hilo neno "hadi"

Wadau, hapa Meru mjini nalipia intaneti ya "hadi megabiti 10" kwa sekunde. Alfajiri napata 9. Saa tatu usiku, majirani wote wakiwa mtandaoni, 2! Nimepima kwa waya, kompyuta moja tu, kwa hivyo msiniambie ni waifai. (Biti 8 ni baiti 1, kwa hivyo hata hizo 10 zikitimia, faili inashuka kwa megabaiti 1.25 tu kwa sekunde.)

Shida ni "hadi". Uingereza, tangu Mei 2018, tangazo likitaja kasi sharti iwe ile ambayo angalau nusu ya wateja huipata kati ya saa mbili na saa nne usiku. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya itunge kanuni kama hiyo. Mimi kazi za wateja nazipakia alfajiri, na si kwa kupenda.