Kalamu ya fahari na deni lisiloandikwa

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Aliyemneemesha mwanadamu kwa elimu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, hivi karibuni tulihudhuria akdi ya ndoa. Ulipowadia wakati wa kutia saini, baba wa bibi arusi alifungua kisanduku cheusi, akatoa kalamu ya wino ya fahari, nibu yake ya dhahabu, akamzawadia mkwewe. Minong'ono ikaenea mkekani. Huyu kasema mashaallah, yule kasema ni israfu, na wa tatu kasema ni haramu. Tumeona tulizungumze jambo hili, kwani zawadi za namna hii zimekuwa nyingi katika harusi na mahafali za vijana wetu.

Kwanza, kuipenda kalamu si aibu kwa Muislamu. Kalamu imetajwa katika aya za mwanzo za Surat al-Alaq, nazo ndizo za mwanzo kumshukia Mtume (S.A.W.), na Mola wetu ameiapia katika Surat al-Qalam. Wazee wetu wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walinakili Misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino wa rangi. Walijua kuwa kalamu iliyochongwa vibaya huharibu herufi.

Pili, tuifahamu nibu yenyewe. Nibu ni kibati chembamba chenye ufa katikati, na wino huteremka wenyewe kupitia ufa huo hadi kwenye karatasi. Kazi ngumu ilikuwa kuufanya wino ushuke bila kumwagika, na katika mwaka 1884 Lewis Waterman wa New York alipata hataza ya kalamu ambayo hewa huingia kwa kipimo kadiri wino unavyotoka. Nibu za fahari hutengenezwa kwa dhahabu ya karati 14, ambayo hupigwa chapa ya 585, au karati 18, yenye chapa ya 750. Lakini dhahabu ni laini, na ingeguswa na karatasi ingelika upesi. Kwa hiyo kwenye ncha hubandikwa chembe ya madini magumu sana, na hiyo ndiyo inayoandika. Nibu njema ya chuma kisichoshika kutu nayo huwekewa chembe kama hiyo. Basi mwenye kununua dhahabu hununua ulaini kidogo wa mkono na mng'aro mwingi wa macho.

Tatu, hukumu yake. Mtume (S.A.W.) amekataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ameeleza kuwa katazo hilo linaingia katika kila namna ya matumizi, hata chombo cha wanja na kijiti chake, na kwamba mwanamume na mwanamke ni sawa katika hilo. Kijiti cha wanja na kalamu havitofautiani sana! Wala haisaidii kusema kuwa kalamu hiyo atapewa binti, kwani alichohalalishiwa mwanamke ni pambo la kujivika, na kalamu ni chombo. Wapo wanavyuoni, kama Imamu Shawkani, walioliwekea mpaka katazo hilo katika kula na kunywa tu. Sisi tunaona kuwa mwenye kufuata madhehebu ya Shafi, kama walivyo wengi wetu, salama yake ni kuiepuka nibu ya dhahabu, maadamu ya chuma ipo na inafanya kazi ile ile.

Je, tuache kalamu nzuri? Hapana. Mwenyezi Mungu hupenda uzuri, na kalamu njema ni raha ya halali. Anayenunua asiangalie chapa kwanza. Aijaze wino, aandike jina lake pasipo kukandamiza. Isikwaruze karatasi, wala isikatikekatike wino. Mwenye mwandiko mdogo achague nibu nyembamba, na akumbuke kuwa nibu za Kijapani aghalabu ni nyembamba kuliko za Ulaya zenye alama ile ile. Akishainunua, aioshe kwa maji baridi mara kwa mara. Kalamu ya namna hiyo hudumu miaka mingi na kurithiwa, wakati biki hutupwa wino ukiisha. Israfu huingia pale bei inapolipia jina tu, au pale ada ya madrasa ya watoto inapocheleweshwa ili mfuko wa kanzu ung'are.

Lakini lililotusikitisha siku ile halikuwa dhahabu. Sehemu ya mahari ilikuwa imeahirishwa. Kiasi gani kimelipwa, kiasi gani kimebaki na kitalipwa lini, yote hayo yaliachwa mdomoni. Watu walibishana juu ya nibu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeomba karatasi! Ilhali aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Surat al-Baqara, inaamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Na Mtume (S.A.W.) amemhimiza mwenye kitu cha kuusia asilale hata siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Wajane wangapi wamesimama mbele ya kadhi wakidai mahari, mikononi hawana hata mstari mmoja?

Basi, enyi wazazi, mkiwazawadia vijana wenu kalamu, zawadi hiyo na ianze kazi pale pale: iandike deni, iandike amana, iandike wasia. Hata biki ya bei ndogo ikiyafanya hayo, ni bora kuliko kalamu ya fahari iliyolala kisandukuni.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutekeleza haki za watu kabla ya kuulizwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.