Upinde wa Waata: Silaha Hupimwa kwa Mnyama

Mtu aulizwapo ni silaha ipi imfaayo mwindaji, mara nyingi hujibu upesi kwamba ni ile iliyo kubwa kuliko zote. Jibu hilo ni la mtu asiyewahi kufuata nyayo za mnyama aliyejeruhiwa. Mwindaji wa kweli huuliza mambo mengine kwanza: mnyama ni yupi, ngozi yake ina unene gani, mifupa yake imekaaje, na umbali ni hatua ngapi. Akiisha kuyajua hayo, ndipo huchagua silaha, na pamoja nayo kile kitakachotoka katika silaha hiyo na kuingia mwilini. Katika nyika iliyo nyuma ya Malindi na Kilifi walikuwako watu walioyajua mambo hayo kabla bunduki za kisasa hazijafika, nao ni Waata.

Waata ni watu wachache walioishi tangu zamani kutoka upande wa Mto Tana hadi Kwale, na hasa kando ya Mto Galana, ambao ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Lugha yao ni ya jamaa moja na Kioromo. Wagiriama huwaita Alangulo, Waswahili huwaita Wasanye, na Wazungu waliandika jina la Waliangulu katika vitabu vyao. Majirani zao walilima au walifuga. Wao waliwinda, na mnyama aliyewapatia sifa kuliko wote ni ndovu.

Jambo la kwanza katika uwindaji huo lilikuwa upinde, au uta kama wasemavyo wazee wa pwani. Upinde wa Waata ni mrefu, wa kipande kimoja cha mti, na nguvu zake ziliwashangaza wageni waliojaribu kuuvuta. Upinde wa ndovu ulihitaji nguvu ya ratili 100 na zaidi ili ufike mwisho wake. Ili msomaji apate kipimo, na akumbuke wapiga mishale wa Uingereza waliosifiwa sana katika historia. Merikebu yao ya vita iitwayo Mary Rose ilizama mwaka 1545, na mabaki yake yakainuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1982. Pinde nyingi zilipatikana humo, na wataalamu walikadiria kwamba zilihitaji nguvu ya ratili 100 kwenda juu. Basi watu wa Galana walisimama katika daraja moja na askari wa Mfalme Henry wa Nane, wala hapakuwa na mwalimu wa Ulaya aliyewafundisha.

Walakini nguvu ya upinde haina maana isipolingana na nguvu ya mkono. Upinde mzito usioweza kuvutwa mpaka mwisho hurusha mshale dhaifu kuliko upinde mwepesi uliovutwa sawasawa. Kwa hiyo kijana hakupewa upinde wa baba yake siku moja; alikua pamoja na pinde zake, kutoka mdogo hata mkubwa.

Jambo la pili lilikuwa mshale. Wano ulinyoshwa vizuri, ukatiwa manyoya ili usiyumbe njiani, na mbele ukatiwa chembe cha chuma chenye shingo ndefu. Shingo hiyo ndiyo iliyopakwa uchungu, yaani sumu ya mshale. Kazi ya chembe haikuwa kumwua ndovu kwa jeraha, maana jeraha la chuma kidogo kama hicho ni jambo dogo kwa mnyama mkubwa hivyo. Kazi yake ilikuwa kupasua ngozi na kuufikisha uchungu ndani, penye damu. Kwa sababu hiyo mpiga mshale aliliepuka bega na kila mahali penye mfupa mnene, akatafuta ubavu au tumbo. Na kwa sababu hiyo pia alisogea karibu mno, akiuangalia upepo, mpaka umbali ukawa hatua chache tu.

Jambo la tatu, lililo kubwa kupita yote, lilikuwa huo uchungu wenyewe. Hutokana na mti uitwao mchungu, ambao vipande vyake huchemshwa kwa muda mrefu mpaka maji yabaki kuwa kitu cheusi kizito kama lami. Wagiriama walijulikana mbali kwa ustadi wa kuupika, na makabila mengine yalinunua kwao. Kwa Kisomali sumu ya namna hii huitwa waabaayo, na kutokana na neno hilo wanasayansi wa Ufaransa waliipa dawa waliyoitoa katika mti huo mwaka 1888 jina la ouabaini. Dawa hiyo huushika moyo: huzuia kazi ya kutoa chumvi katika chembechembe za mwili, na moyo hupoteza mwendo wake mpaka usimame. Mtaalamu wa Denmark, Jens Skou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997, aliitumia ouabaini katika kuthibitisha ugunduzi wake wa jinsi chumvi inavyosukumwa kuingia na kutoka katika chembechembe hizo. Hivyo kitu kilichopikwa vyunguni nyikani kilifika hata katika vyumba vya wataalamu wakubwa wa dunia.

Uchungu uliochakaa ni sawa na risasi yenye baruti iliyolowa. Kwa hiyo ulijaribiwa kabla ya safari. Mwindaji alijitoa damu kidogo, akaiacha itiririke juu ya ngozi, kisha akaugusisha uchungu kwenye mwisho wa mchirizi huo, mbali na jeraha. Damu ikabadilika na kuwa nyeusi, na weusi huo ukapanda kuelekea juu. Ukipanda upesi, uchungu ni mkali, ukisitasita, umeharibika. Damu ilipanguswa kabla weusi haujafika kwenye jeraha, maana kuchelewa ni kufa. Uchungu mzuri ulipopakwa, ulizungushiwa ngozi nyembamba ili jua lisiukaushe, na ili mwenye mshale asijikwaruze. Ngozi hiyo iliondolewa saa ya kupiga.

Sasa yalinganishwe hayo na mambo ya bunduki. Watu wa bunduki hubishana juu ya upana wa mtutu, kama iwe milimita 7 au inchi 0.375, lakini mtutu peke yake hauui. Risasi yenye ncha laini hupanuka ndani ya mwili, nayo yafaa kwa wanyama wa jamii ya paa na kulungu, kwa kuwa huua upesi bila kupita na kwenda zake. Kwa ndovu risasi hiyo ni hatari kwa mpigaji, maana hupasuka kabla haijafika ndani. Yeye huhitaji risasi ngumu isiyopanuka. Walter Bell wa Uskochi, aliyewinda Karamoja katika Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua zaidi ya ndovu 1,000, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7 yenye risasi ngumu. Aliweza kwa kuwa aliujua ubongo wa ndovu ulipo, tena alisogea karibu. Waliomwiga bila kuwa na maarifa yake walijitia hatarini.

Hata katika nchi za sheria nyingi jambo ni hilo hilo. Sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 1991 juu ya paa wa huko wenye pembe za matawi hutaka mtutu usiopungua inchi 0.240, nguvu ya risasi isiyopungua kipimo fulani, na risasi inayopanuka. Sheria hiyo hiyo hukataza mshale, na hukataza kitu cho chote kilichotiwa sumu. Sababu yake ni moja: mnyama asiachwe kuteseka.

Katika neno hilo hapana budi kusema kweli juu ya mshale wa Waata. Uchungu mkali uliopigwa mahali pema ulimwangusha ndovu karibu na alipopigwa. Lakini uchungu dhaifu, au mshale uliogonga mfupa, ulimwacha mnyama akaenda na jeraha lake, na pengine akafa mahali asipoonekana. Tena pembe zilipopata bei, idadi ya ndovu waliouawa iliongezeka, na faida kubwa haikukaa nyikani. Mfanyabiashara wa mjini ndiye aliyetajirika. Mwindaji alibaki na nyama, na vijisenti, na hatari ya kufungwa.

Hatari hiyo ilimfika. Mwaka 1948 Hifadhi ya Tsavo iliundwa, na ndani yake yakaingia mapori waliyowinda Waata. Mwaka 1956 na 1957 serikali ya kikoloni ilifanya msako mkubwa, na wawindaji wengi hodari walikamatwa na kutiwa gerezani. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, mashariki ya Tsavo, kwa kusudi la kuwapa Waata njia ya halali ya kuishi kwa wanyama. Mpango huo haukudumu kama ulivyokusudiwa. Wakati huo wote mgeni mwenye leseni na bunduki ya thamani aliitwa mwindaji, na mtu wa Waata aliyewinda kwa upinde wa babu yake aliitwa jangili. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na tangu hapo leseni ya mgeni haikumfaa tena. Lakini kwa Waata riziki ilikuwa imekwisha kukatika miaka 20 nyuma.

Sheria ya mwaka 2013 imeweka adhabu nzito zaidi. Mkulima wa Ganze, Bamba au Chakama ambaye mahindi yake yamekanyagwa na ndovu usiku asidhani kwamba mshale au gobori litamwokoa, litamwongezea hasara. Apeleke habari kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori, na akumbuke kwamba sheria hiyo hiyo ina vifungu vya fidia kwa kifo, jeraha na uharibifu wa mazao. Adai haki yake kwa maandishi, mapema, na aweke nakala.

Uwindaji wa Waata umepita, wala hapana haja ya kuurudisha. Lakini maarifa si uwindaji. Mzee ajuaye kusoma nyayo, kuutambua upepo na kuujua mwili wa ndovu ana elimu iliyopatikana kwa vizazi vingi, na elimu hiyo yaweza kumfaa askari wa wanyama kama ilivyomfaa mwindaji. Wazee wa namna hiyo hupungua kila mwaka. Kijana wa Marafa au Chakama aliye na kalamu na daftari na aende akaketi nao, akaandike, kabla wa mwisho hajaondoka.